Naomba ushauri: asidi kwenye damu na insulini ya mdogo wangu

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ana miaka 17, kisukari aina ya kwanza. Wiki mbili zilizopita alianza kutapika, nasi kwa kuona hali chakula tukamkatisha sindano za insulini (kosa letu hilo). Alfajiri akawa anahema kama katoka kukimbia, mdomo unanuka matunda yaliyoiva mno. Hospitali pH ya damu (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) ikasoma 7.1, ya kawaida ni 7.35 hadi 7.45. Wakamtundikia dripu ya maji na insulini.

Daktari alinieleza: insulini ikikosekana, seli za mafuta huachia mafuta, ini linayageuza ketoni (kemikali zenye asidi), damu inakuwa na asidi. Na asidi hiyo nayo inafanya insulini ishike vibaya kwenye seli zilezile! Hapo ndipo nilipochoka.

Sasa yuko nyumbani. Wenye uzoefu, mgonjwa wenu akiugua mnapima ketoni kwa vijiti vya mkojo kila baada ya saa ngapi? Akiwa hali chakula, daktari wenu aliwapangiaje dozi? Halafu shangazi anang'ang'ania tumpe magadi "yaue asidi". Nimeyaficha juu ya kabati, nimekosea?