Tupeane uzoefu: safari ya hela ndogo, ukate mapema au ukifika hukohuko?

Wakuu, habari. Desemba 2022 nilipanga Krismasi Moshi, nikajisemea tiketi nitakata stendi. Tarehe 22 alfajiri niko Mbezi, stendi ya Magufuli, mtoto mgongoni, begi mkononi. Kila dirisha pamejaa. Mpiga debe mmoja akataka nauli mara mbili, nikakataa. Nikaunga magari: Chalinze, Segera, Same. Moshi nimeingia saa tano usiku, mtoto ana homa, na zile nauli ndogondogo ukizijumlisha zimepita tiketi halali kwa mbali. Tangu hapo, ya Desemba naikata Novemba mwanzoni. Ila chumba cha gesti sijawahi kukilipia kabla. Wenzangu mnafanyaje?

*Mdau, fundi wa mikoani:*
Pole sana dada. Kwa gesti uko sahihi. Niliwahi kutuma hela ya siku nne Tabora kwa kuona picha tu. Nafika, bomba halitoi maji, mlango haufungi kwa ndani, na hela hairudi. Siku hizi nafika jua lipo, nafungua bomba, najaribu komeo, ndipo tunaongea bei. Ukikaa siku nyingi wanapunguza. Isipokuwa Dodoma wakati wa Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, na Mbeya wakati wa maonyesho ya wakulima ya Nanenane. Hapo piga simu wiki mbili kabla.

*Mdau, Mombasa:*
Huku kwetu basi za Nairobi hupandisha nauli Disemba, treni haipandishi kwa ajili ya sikukuu. Nauli ya behewa la kawaida ilitoka shilingi 1,000 za Kenya hadi 1,500 Januari 2024, na bado watu hulikimbilia. Ndiyo maana viti huisha mbio. Mimi hukata kwa simu mara tu tarehe zinapofunguliwa.

*Mdau, Unguja:*
Boti za Dar ni kadhaa kwa siku. Siku za kawaida kata bandarini, lakini dirishani, usimpe papasi, wale madalali wa mitaani, hela yako. Ikikaribia Idi kata mapema. Vyumba navyo vina misimu: Februari, tamasha la muziki la Sauti za Busara likiwepo, Mji Mkongwe hujaa. Masika nenda Jambiani, kule pwani, na begi lako ukazungumze bei mlangoni. Mdogo wangu alilipa kabla, jirani yake akalipa pungufu kwa chumba kama kilekile.

*Mwanzisha mada:*
Asanteni sana. Nikiwa na mtoto sitabahatisha tena, hata siku ya kawaida. Waliopanda treni ya Kigoma, daraja la kulala mnakata siku ngapi kabla?