Naomba ushauri: kifaa cha kushikia puli ya skuta

Assalaam alaykum jamani. Nipo Wete, nataka kubadilisha mkanda na rola za skuta yangu. Kikwazo ni nati ya puli ya mbele: ukiigeuza, puli nayo inazunguka. Fundi mmoja kaniambia niizuie kwa bisibisi kwenye mapezi yake. Sithubutu, mapezi yale ya alumini yanakatika kama biskuti.

Nafikiria kumpelekea mchomeleaji vyuma bapa viwili, avifunge mfano wa mkasi na kuweka pini za kuingia kwenye matundu ya puli. Unene wa milimita 5 utahimili, au vitapinda? Na ile springi ya klachi kule nyuma mnaibana kwa kifaa gani, isije ikanirukia usoni nikishafungua nati kubwa? Bolti ndefu na vipande vya chuma vitatosha? Au niagize tu kifaa cha dukani kutoka Unguja?