Naombeni ushauri: testi nilifanya, alama hazipo kwenye koswek, nimewekewa sup

Binti_Njombe:
Wakuu habari za majukumu. Nipo mwaka wa pili, shahada ya kwanza, chuo naomba nisikitaje. Matokeo ya muhula wa pili yametoka kwenye mfumo na somo moja nimewekewa D, yaani sup (mtihani wa marudio), wakati testi ya pili ya somo hilo niliifanya na darasa zima linajua.

Mchanganuo uko hivi. Kwetu koswek (kazi na testi za muhula) ni alama 40 na UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ni 60. Kwenye hizo 40, testi ni mbili, kila moja alama 15, na kazi ya kundi 10. Testi ya kwanza nina 10, kazi ya kundi 7, testi ya pili kisanduku kiko wazi. Jumla 17. Kwetu ukifikisha 16 unaruhusiwa kuingia UE, kwa hiyo niliingia. Jumla kuu imekuja 39. Yaani nimekwama kwa alama moja wakati nina testi nzima ambayo haijahesabiwa!

Wenzangu walirudishiwa karatasi zao, yangu haikuwemo. Nilimfuata mwalimu wa somo kabla ya UE, akasema itarekebishwa. Sasa ananiambia nisubiri sup nifanye tu, C nitapata, yaishe. Nasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Naogopa nikipeleka malalamiko juu atanichukia, na mwakani ananifundisha tena. Nifanye sup au nipambane?

Mti_Mkavu:
Pole sana mdogo wangu. Mimi ningefanya sup. Mwalimu ukishagombana naye mwaka wa tatu utauona mrefu.

Kambarage_Hostel:
Usimsikilize huyo. Nenda TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) moja kwa moja, hao ndio wanaosimamia vyuo vikuu vyote.

Mratibu_Mstaafu:
Binti, soma hapa kwa utulivu. Nimekaa na kazi ya uratibu wa mitihani ngazi ya idara muda mrefu, na suala lako linafahamika.

Kwanza, hukati rufaa. Rufaa ni pale unapoona umesahihishwa vibaya, na vyuo vingi hutoza ada kwa hilo. Wewe unaomba alama iliyokosekana iingizwe. Usikubali mtu akujazishe fomu ya rufaa na kukulipisha. Andika barua yenye kichwa cha habari "Kukosekana kwa alama za testi ya pili", taja msimbo wa somo, namba yako ya usajili, tarehe ya testi na chumba mlichofanyia.

Pili, matokeo unayoyaona sasa ni ya awali. Yanapita bodi ya mitihani ya kitivo, kisha Seneti, kikao cha juu cha taaluma chuoni, ndiyo inayoyapitisha. Kabla Seneti haijakaa, marekebisho ya alama ni kazi ya kawaida ya idara: mwalimu anajaza fomu, mkuu wa idara anasaini. Seneti ikishapitisha, kubadili hata alama moja kunahitaji maelezo ya maandishi kupanda ngazi zote hizo upya, na hapo ndipo watu huanza kukwambia "fanya sup tu". Kwa hiyo cha kukimbilia ni muda. Ulizia leo bodi ya kitivo inakaa lini.

Barua iende kwa mkuu wa idara, nakala kwa mratibu wa mitihani. Toa kopi yako, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na muhuri ni sawa na maneno ya mdomo.

TCU wapo, ila watakuuliza swali moja: ngazi za chuo umezimaliza? Bado hujazianza.

Nyota_ya_Kisumu:
Huku Kenya hili ni donda sugu. Kwetu CAT, yaani kama hiyo koswek yenu, huwa ni alama 30 na mtihani 70, na CAT ikipotea unaweza kumaliza miaka minne halafu jina lako likose kwenye orodha ya mahafali. Dada, usiiache hiyo alama ukisema utaifuatilia mwaka wa mwisho. Walimu huhama, wengine huenda masomoni nje, karatasi hutupwa. Ifuate sasa.

Hesabu_Haidanganyi:
Naomba niongeze kitu ambacho mwalimu wako hajakwambia. Sup ukifaulu, hata upate 80, vyuo vingi hukuandikia C tu. Sasa angalia: una 39. Testi ya kwanza ulipata 10 kati ya 15. Tuseme ya pili ulipata 11. Hiyo ni 50, na kwa vyuo vinavyoanzia B kwenye 50, ni B. B ni pointi 3, C ni pointi 2.

Kama somo lina krediti 12 na mwaka mzima una krediti 120, tofauti ni 0.1 kwenye GPA (wastani wa pointi) ya mwaka. Kwa shahada ya miaka mitatu ni kama 0.03. Inaonekana ndogo, lakini kuna vyuo ambavyo GPA hukatwa kwenye desimali ya kwanza bila kupandishwa. Mwenye 3.48 anaandikiwa 3.4, na daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Nimeona watu wakikosa nafasi ya kusoma uzamili kwa sababu ya hiyo.

Binti_Njombe:
Asanteni sana wakuu. Karatasi ya mahudhurio ya testi, CR wetu (kiongozi wa darasa) alibaki na picha yake, sahihi yangu ipo. Ila mkuu wa idara yuko likizo. Na mwalimu kaniambia niende jioni tuongee vizuri.

Mama_Pili:
Mwanangu, jioni hapana. Nenda saa za kazi, ofisini, na CR au waziri wa elimu wa serikali yenu ya wanafunzi. Sisemi huyo mwalimu ana nia mbaya, simjui. Lakini kama mtu yeyote atakutaka kimapenzi ili alama ziingie, hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ina kifungu chake, cha 25. TAKUKURU wanapatikana kwa 113, bure.

Mratibu_Mstaafu:
Mama Pili kasema vyema. Mkuu wa idara akiwa likizo kuna kaimu, na kaimu anasaini kila kitu. Hiyo picha ya mahudhurio ni dhahabu, ambatanisha.

Kuhusu kuchukiwa: UE husahihishwa kwa namba ya mtahiniwa, si jina, na sampuli hupitiwa na mtahini wa nje. Mwanafunzi aliyeandika barua ya heshima yenye muhuri yuko salama kuliko aliyelalamika kwenye korido.

Kuhusu sup: jiandae na ujiandikishe. Siku ikifika hujapata jibu la maandishi, ingia ufanye, huku barua yako ikieleza kwamba madai bado yapo. Kutoonekana kwenye sup bila ruhusa kunaweza kukufikisha kwenye kudisko, yaani kuondolewa chuo, na Bodi ya Mikopo huangalia kama umefaulu kuendelea mwaka unaofuata.

Binti_Njombe:
Na kama karatasi yenyewe imepotea kabisa, haipo popote?

Mratibu_Mstaafu:
Basi uamuzi si wa mwalimu peke yake, unapelekwa bodi ya kitivo. Nimeona bodi ikiamuru mwanafunzi atungiwe testi nyingine, na nimeona ikikokotoa koswek kwa uwiano wa kazi alizonazo. Kwa hesabu ya uwiano una 17 kati ya 25, ambayo ni 27 kati ya 40, na jumla yako inakuwa 49, yaani C bila sup. Ukitungiwa testi unaweza kuipita hiyo. Kwenye barua omba testi kwanza, uwiano uwe ombi la pili.