Mjadala: Uongozi wa shule na kujitolea vipewe alama kwenye uteuzi wa kidato cha tano?

Mleta hoja:
Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa kwenye mahafali ya kidato cha nne ya mpwa wangu. Wa kwanza Hisabati bahasha, wa kwanza Kiingereza bahasha, mgeni rasmi mkono hadi umechoka. Kuna binti pale amegonga kengele miaka miwili (kengele yenyewe ni rimu ya gari imetundikwa mwembeni). Anatoka kwao saa kumi na moja alfajiri ili wenzake wasichelewe. Hakutajwa hata jina. Sasa nauliza: TAMISEMI (ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule) wakichagua wa kidato cha tano wanaangalia ufaulu na tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo. Kwa nini uongozi na kujitolea visipewe japo alama tano kwa mia? Karibuni.

Mwalimu wa zamu:
Mkuu, tathmini hiyo ipo tayari, ila hujui inavyojazwa. Ripoti ya mwanafunzi ina sehemu ya tabia na mwenendo: bidii ya kazi, utunzaji wa mali, ushirikiano, heshima, uongozi, usafi. Kila mstari unaweka A, B au C. Mimi nina watoto 74. Usiku wa kufunga ripoti ni B, B, B hadi chini ya ukurasa. Mkorofi anapata C, kiranja mkuu anapata A, nakwenda kulala. Hakuna anayelalamika kwa sababu hakuna anayesoma. Siku mtakaposema ile C inamnyima mtoto shule, wazazi watajaa ofisini, na wengine hawatakuja mikono mitupu. Halafu huo ukiranja wenyewe: watoto wanapiga kura, kisha walimu tunakaa "kuchuja". Wenye kuelewa mmeelewa.

Babu wa Magomeni:
Wanangu, haya yalishajaribiwa. Azimio la Musoma, Novemba 1974: ukimaliza kidato cha sita na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), huendi Chuo Kikuu moja kwa moja. Kwanza ukafanye kazi, kisha ulete maoni ya mwajiri na ya chama kwamba unafaa. Nia ilikuwa njema, msomi asijione mfalme. Lakini wasichana walipungua chuoni mpaka wao wakaondolewa sharti la kufanya kazi kwanza. Na fikirini nguvu aliyokuwa nayo mwandika barua! Ukipishana naye msibani bila kumwamkia, unalala macho.

Kiranja wa chakula mstaafu:
Shikamoo babu. Mimi zawadi yangu bwenini ilikuwa ukoko, na sikudai zaidi 😂 Ila niliwahi kuandika kwenye wasifu wa kazi kwamba nilisimamia chakula cha watu 600. Msaili akacheka, kisha akaniuliza maharage yakiisha foleni ikiwa bado ndefu nilifanyaje. Tuliongea hilo dakika kumi. Divisheni yangu hakuigusa.

Binti Mbagala:
Mnaongea kama kila mtu ana muda. Mama anauza vitumbua. Nikitoka shule nachota maji, nabeba mdogo wangu, napika. Hiyo nani atanisainia? Mwenzangu wa shule ya kulipia atapelekwa na basi kwenye kituo cha yatima na katoni ya sabuni, apigwe picha, arudi na alama zake tano. Kujitolea nako kuna nauli jamani.

Mleta hoja:
Binti, umenimaliza. Alama nazifuta. Lakini sikubali kwamba basi tunyamaze. Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, kwa miaka mingi imetegemea wanafunzi. Shule zikifungwa, hospitali zinahisi. Kijana anatoa damu, anapewa soda, basi. Na msiseme utumishi hauhesabiwi nchi hii: nafasi za polisi na magereza mara ngapi tangazo linataka aliyepitia JKT? Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Kwenye cheti cha kumaliza shule, ile herufi B ifutwe, iandikwe sentensi moja ya kitu alichofanya kweli. "Aligonga kengele miaka miwili." Na ya Binti iwe "alilea wadogo zake akiwa anasoma". Haimpi mtu nafasi ya mwingine, ila mkuu wa shule anakokwenda atajua kapokea nani.

Mwalimu wa zamu:
Sentensi 74. Ataandika nani, wewe?

Mleta hoja:
Wanafunzi wenzake. Wewe unahakiki na kusaini tu. Wao ndio wanaojua nani hufagia na nani hushika ufagio mwalimu akitokea.

Mwalimu wa zamu:
Hapo umenipata kidogo. Nitajaribu na kidato cha tatu muhula huu, bila kumwambia mtu wa wilayani. Nina kijana mmoja lakini, najua kabisa wenzake wataandika "alilala". Nisaini?