Kikundi cha Ukoo, Tanga: baiskeli ya ukutani, tuifufue au iende chuma chakavu?

Kaka wa Makorora: Shikamooni wakubwa. Picha hizo hapo juu. Imeegemea ukuta wa ghala, na watu wa chuma chakavu wanapita kesho asubuhi. Mwenye ghala kasema nichukue. Ni inchi 28, breki za fimbo, haina kiti wala cheni, tairi zimekauka hadi zimepasuka. Niibebe au niiache?

Shangazi Duka: Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie mwenye ghala akuandikie mistari miwili kwenye karatasi na kutia sahihi. Halafu tafuta namba ya fremu, iko nyuma ya pale kiti kinapoingia au chini ya nyumba ya ekseli ya pedali. Ipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Baiskeli ikiwa na kutu haina mwenyewe, ikishang'aa ndipo mwenyewe hujitokeza.

Mjomba Fundi: Marahaba. Futa sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno la cheni, kwa kitambaa, unipigie picha ya karibu.

Kaka wa Makorora: 📷

Mjomba Fundi: Unaona vichwa vya ndege vilivyokatwa ndani ya chuma? Hao ni korongo, alama ya Raleigh ya Nottingham. Sproketi huhamishwa kutoka baiskeli hadi baiskeli, kwa hiyo usiapie bado. Lakini kama fremu nayo ni Raleigh, thredi zake (mikato ya skrubu) za ekseli ya pedali na za shingo, pale usukani unapozungukia, ni 26 kwa inchi, wakati vikombe vingi vya madukani, vile vinavyoshika goroli, ni 24. Kikombe cha 24 huingia raundi moja na nusu kisha kinakaza. Anayelazimisha hapo anaila thredi ya fremu, na fremu ikiliwa thredi hakuna cha kufufua tena.

Binamu Dar: Kutu yote hiyo? Hata si ya kuuliza, iende tu.

Mjomba Fundi: Kutu ya juu isikutishe, kwa upepo wetu wa bahari hata msumari mpya una kutu kabla ya mwezi kwisha. Yanayoamua ni matatu: fremu na foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) zimenyooka, rimu zina uhai chini ya utepe, na vilivyoshikana vinaachia. Kiti, cheni, tairi, raba za breki, hivyo vinanunuliwa.

Baba Mdogo (Kuchomelea): Naongeza: pitisha kidole chini ya bomba la juu na chini ya bomba la chini, pale yanapoingia kwenye shingo. Ukisikia kivimbe au rangi imejikunja kama ngozi ya kiwiko, iligonga ukuta kwa mbele. Fremu ya hivyo usiibebe.

Kaka wa Makorora: Nimepitisha mara mbili. Hakuna kivimbe, rangi imelala.

Mjomba Fundi: Basi ibebe, kupima ni bure. Ukifika nyumbani tafuta uzi wa mshipi. Funga pale ekseli ya nyuma inapokaa upande mmoja, uvute uzunguke mbele ya shingo, urudi ufunge upande wa pili. Ukaze. Pima kwa rula nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita 2 si kitu. Ikizidi 4, gurudumu la nyuma halifuati la mbele, italiwa tairi na itamvuta mwendeshaji upande mmoja siku zote.

Baba Mdogo (Kuchomelea): Na foku: laza rula ndefu ubavuni mwa bomba la shingo, ishuke hadi kwenye miguu ya foku. Kile kipande kilichonyooka, kabla miguu haijaanza kupinda mbele, kinatakiwa kiendelee na mstari wa shingo. Kikirudi nyuma, foku ilipokea kishindo hata kama fremu imepona.

Shangazi Duka: Mimi nauliza la msingi: itabeba nini?

Kaka wa Makorora: Maji, shangazi. Madumu mawili ya lita 20, bombani hadi nyumbani, asubuhi na jioni.

Shangazi Duka: Hizo ni kilo 40 juu ya karia, bila kumhesabu mwenyewe. Basi gurudumu la nyuma ndilo roho yake. Hesabu matundu ya rimu zote mbili, moja moja, kwa chaki.

*Siku ya pili*

Kaka wa Makorora: Karatasi ninayo, namba iko kwa mwenyekiti. Uzi: kushoto milimita 26, kulia 27. Matundu: mbele 32, nyuma 40. Foku imerudi nyuma, kama milimita 8 hivi, inaanzia chini kidogo ya taji, pale miguu yake inapoungana.

Mjomba Fundi: Fremu hiyo imenyooka. Na 32 kwa 40 ni mpango wa Kiingereza, nyuma huwekewa spoku nyingi kwa sababu ndiko mzigo ulipo. Sasa toa tairi na utepe, chokoa kila tundu la spoku kwa ncha ya bisibisi ndogo. Usiwe mpole, rimu isiyostahimili bisibisi haitastahimili madumu.

Baba Mdogo (Kuchomelea): Kuhusu foku usikimbilie moto. Taji limeungwa kwa shaba, ukilipasha unalegeza kiungo. Chuma cha zamani kinanyooshwa baridi, mara moja tu, na baada ya uchunguzi. Kwangua rangi kwa msasa pande zote za miguu, sentimita 10 kuanzia taji kushuka. Foku iliyosukumwa nyuma hujikunja upande wa nyuma na hupasuka upande wa mbele, kwa hiyo macho yako yawe mbele. Paka mafuta ya taa, subiri nusu saa, futa pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki.

Binamu Dar: Si achomelee tu huo ufa?

Baba Mdogo (Kuchomelea): Hapana. Ufa wa foku hauchomelewi. Bomba ni jembamba, umeme wa kuchomelea unalila, na pembeni ya mshono chuma kinakuwa kigumu na kuvunjika. Foku ikivunjika mtu anaanguka kwa uso, hapati hata nafasi ya kuweka mkono. Karia nitachomelea, stendi nitachomelea, foku sitagusa.

Kaka wa Makorora: Majibu. Chaki imebaki nyeupe kote, nimerudia mara mbili. Hakuna mkunjo. Rimu ya mbele nzima. Rimu ya nyuma bisibisi imezama matundu matatu mfululizo, na pembeni ya valvu chuma kinamenyeka kama ganda la kitunguu.

Shangazi Duka: Ya nyuma imekufa. Usifikirie hata kuijaza gundi. Habu lake, kile kitovu cha gurudumu, usilitupe, ila kabla ya kukata spoku zote 40 legeza kwanza friwili, ile gia ya nyuma ya cheni, maana bila gurudumu kamili huna pa kushikia. Ni kosa la kila siku, mtu anakata spoku halafu analeta habu limebaki na friwili yake, halitoki hata kwa nyundo.

Mjomba Fundi: Sahihi kabisa. Friwili kwanza. Ikigoma, laza gurudumu, mimina mafuta ya taa pale inapozunguka, iache usiku. Kama inazunguka ila haishiki, vile vijino vya ndani vimegandishwa na grisi ya zamani. Osha kwa mafuta ya taa hadi yatoke masafi, kisha oili nyepesi peke yake. Grisi ndani ya friwili ndiyo iliyoiua mara ya kwanza.

Kaka wa Makorora: Na kile kibomba cha kiti kimebaki ndani, kimekatika karibu na fremu. Hakisogei.

Mjomba Fundi: Hapo ndipo wengi wanapoharibu fremu nzuri. Mafuta ukiyamimina kwa juu hayafiki, kutu inaziba. Toa kwanza ekseli ya pedali, geuza fremu miguu juu, mimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi kupitia nyumba ya ekseli, yashuke ndani ya bomba la kiti hadi kwenye kutu kwa upande wa pili. Siku mbili, unaongeza asubuhi na jioni. Kisha bana kile kipande kwenye jiriwa ya Baba Mdogo na uzungushe FREMU, kushoto kulia, kidogo kidogo. Fremu ndiyo mkono mrefu. Kipande kikisogea hata nywele moja, umeshinda.

Kaka wa Makorora: Sasa pini za krenki, zile zinazobana mikono ya pedali kwenye ekseli, ndizo zinaniogopesha.

Mjomba Fundi: Uogope ndiyo, maana zikiharibika kazi inakuwa ya drili. Sikiliza vizuri.

Paka mafuta pini zote mbili leo usiku. Kesho legeza nati mpaka uso wake ulingane na ncha ya pini, usiitoe, ndiyo inayolinda thredi. Tafuta kipande cha bomba nene la maji, kikatwe urefu wa kufika kutoka sakafu ya zege hadi chini ya krenki, kichwa cha pini kiingie ndani ya tundu la bomba. Krenki ikae juu ya bomba, uzito wote utue pale. Halafu nyundo nzito, kilo moja na nusu au mbili, pigo MOJA la nguvu. Pigo moja, ukirudia liwe jingine kama hilo. Ukigonga gonga kama mtu anayepigilia misumari ya fremu ya picha, ncha inachanua kama uyoga na haipiti tena kwenye tundu. Na bila lile bomba chini, kishindo kinaingia kwenye goroli, zinatoboa vishimo kwenye vikombe.

Ekseli ikitoka ifute, pitisha ukucha pale goroli zinapokimbilia. Ukucha ukikwama kwenye kishimo, ekseli haifai. Kikombe cha kulia kina thredi ya kinyume, kinafunguka ukizungusha kama unakaza. Ila kama ndani ni laini, usikifungue, kisafishe hapo hapo kwa kitambaa na tochi.

Shangazi Duka: Niletee goroli moja ya kila mahali nipime, ila desturi ya hizi ni hivi: ekseli ya pedali robo inchi, 11 kila upande. Habu la nyuma robo inchi, 9 kila upande. Habu la mbele 3/16, 10 kila upande. Shingo ni ndogo kuliko zote, 5/32. Nunua mpya zote, usichanganye kuukuu na mpya, ile mpya huwa kubwa kidogo na hubeba mzigo peke yake hadi ipasuke.

Tairi usiseme tu "inchi 28". Soma ubavuni: iandikwe 28 x 1½, au 40-635. Kuna nyingine inaitwa 28 pia ila ni 622, ndogo kwa milimita 13, hutaivisha hata kwa koleo. Cheni ni nusu kwa moja ya nane. Pini mpya za krenki nitakupa za milimita 9.5, ila uje na zile kuukuu tulinganishe.

Binamu Dar: Mimi ningeanza na rangi ya kopo la kupuliza, ipendeze kwanza.

Mjomba Fundi: Rangi juu ya kutu inaficha ufa na haikai hata masika moja. Afanye hivi: karatasi ya foili iloweshwe maji, asugue usukani na rimu ya mbele, kutu ya juu inaondoka bila kukwangua kromu. Nati ndogo ziloweke kwenye siki usiku kucha, kisha suuza kwa maji yenye magadi, kausha, paka oili saa hiyo hiyo. Cheni na springi zisiingie kwenye siki, zinakuwa za kukatika. Ndani ya fremu mimina oili ya injini iliyotumika, izungushe ifike kila bomba, imwagike kwenye chombo. Kutu inayoua baiskeli za Tanga inaanzia ndani.

Kaka wa Makorora: Na breki, zitasimamisha kilo 40?

Mjomba Fundi: Pakiwa pakavu, ndiyo, ikiwa rimu ni ya duara kweli. Raba za fimbo zinavutwa juu zigonge rimu kwa ndani, kwa hiyo rimu ikipanda na kushuka breki inashika na kuachia, inakurusha. Mvua ikinyesha rimu ya chuma huteleza, aanze kukaza mapema mara mbili ya kawaida. Mzigo mzito wenye mvua, ashuke akokote.

Shangazi Duka: Haya, hesabu. Rimu ya nyuma ya matundu 40 na spoku zake, tairi mbili, tyubu mbili, cheni, goroli seti tatu au nne, pini mbili, raba nne, kiti na bomba lake. Nitawaandikia bei kesho dukani. Mimi nasema ikizidi nusu ya bei ya inchi 28 iliyotumika na inatembea, tuiache.

Mjomba Fundi: Naafiki kwa baiskeli nyingine. Hii fremu ni nyoofu na vikombe vyake, vikiwa laini, si rahisi kuvipata tena. Mimi ningefika theluthi mbili. Lakini ekseli ikiwa na vishimo nakubali na wewe, maana ekseli inayoendana na vikombe vya thredi 26 kuitafuta ni kazi nyingine.

Baba Mdogo (Kuchomelea): Foku nitainyoosha Jumamosi, bila malipo. Tutarudia chaki baada ya kunyoosha. Ukitokea mstari, tunatafuta foku kuukuu ya Raleigh pamoja na koni na nati zake za shingo, zikae seti.

Shangazi Duka: Basi tuamue kwa ekseli. Asinunue chochote kabla haijatoka. Hata tyubu asinunue.

Kaka wa Makorora: Nimeelewa. Pini zimeshapata mafuta sasa hivi, na bomba la maji nimelikata sentimita 29, krenki inakaa sawasawa. Napiga kesho saa kumi na moja jioni.

Mjomba Fundi: Nitakuwepo. Usipige kabla sijafika, nataka nione nati imekaa wapi.

Shangazi Duka: Na zile goroli ukizitoa zihesabu, uniandikie zilikuwa ngapi kila upande.