Vijana wa kiwanda cha alizeti wanaondoka msimu ukipamba moto

Mkamuaji_Kizota: Wakuu, habari za jioni. Nina mashine 2 za kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma, na vijana 6. Kila Juni mzigo ukijaa, wawili watatu wanaacha kazi, na mshahara sijapunguza. Nakosea wapi?

Mzee_wa_Kongwa: Anza na saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema zisizidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Za ziada zilipwe angalau mara 1.5. Gawa zamu mbili, ratiba ibandikwe ukutani kila Jumamosi.

MamaMashudu_Singida: Hapo sawa, ila pesa ni nusu tu ya jambo. Kama unakata faini za mafuta yaliyomwagika, zifute leo hii. Kijana anayekatwa hujifunza kuficha: mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yanatoka yamelowa mafuta, ananyamaza, gunia linapita.

Mfundishe apime mwenyewe. Ayabane mashudu ya moto kwenye karatasi, alinganishe doa na la jana. Likizidi, mara nyingi mashine haijapata moto, au mbegu zina unyevu, au kikazio, kile kinachobana mashudu yanapotoka, kimelegea. Aandike kwenye daftari kilo zilizoingia, lita zilizotoka, kilo za mashudu. Na awe na ruhusa ya kuzima mashine bila kukupigia simu!

Mkamuaji_Kizota: Asante mama. Daftari ninalo, ila huandika mimi.

MamaMashudu_Singida: Basi wakabidhi kesho asubuhi, kila zamu na kurasa zake.