Sarafu za Kilwa, jongoo bahari na boksiti: nani alifika rasi ya Gove, na ardhi ilipoteaje?

Mdadisi wa Pwani aliuliza:

Wakuu, habari za saa hizi. Naandaa mada kuhusu Wayolngu, wenyeji asilia wa kaskazini-mashariki ya Arnhem Land, Australia, ilipo rasi ya Gove. Nimekwama sehemu tatu. Kwanza, sarafu za Kilwa zilizookotwa huko: zinathibitisha kwamba mabaharia wetu walifika? Pili, kabla ya Wazungu ni nani aliyekuwa akienda huko, na ushahidi wake ni upi? Tatu, kesi ya mgodi ya 1971 walishindwa, mbona leo nasoma kwamba ardhi ni yao na wana mgodi wao? Naomba majibu yenye miaka na vitu vya kushikika.

Nanga:

Nianze na sarafu, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mwaka 1944 Morry Isenberg, mwanajeshi wa anga aliyekuwa zamu kwenye kituo cha rada visiwa vya Wessel, nje ya pwani ya Arnhem Land, aliokota sarafu tisa ufukweni mwa kisiwa cha Marchinbar. Tano ni za shaba za Kilwa, nne ni za VOC, ile kampuni ya Waholanzi ya India Mashariki. Zilipita zaidi ya miaka 30 kabla ya kutambuliwa.

Tatizo ni hili: ziliokotwa mchangani, hazikufukuliwa kwenye tabaka la udongo linaloweza kupimwa umri. Sarafu za shaba za Kilwa nazo hazina mwaka. Upande mmoja una jina la sultani, wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zinakwenda kwa vina. Kama zote tisa zilidondoka pamoja, inabidi tuhesabu kwa ile changa zaidi, na za VOC zinafika karne ya 18, wakati Kilwa ilishaacha kufua sarafu muda mrefu. Mreno, Mholanzi au Mmakassar (baharia wa Sulawesi, Indonesia), yeyote angeweza kuzibeba. Kwa hiyo andika "sarafu zilifika", usiandike "Waswahili walifika".

Karai la Chuma:

Swali la pili lina ushahidi mwingi zaidi. Waliokuwa wakifika kila mwaka ni Wamakassar wa Sulawesi, wakifuata jongoo bahari wa kuuza China. Walikuja na pepo za kaskazini-magharibi kuanzia Desemba, wakarudi na kusi mnamo Aprili. Nchi yenyewe waliiita Marege. Februari 1803 Mwingereza Matthew Flinders alikutana na majahazi yao sita chini ya mzee Pobassoo. Walizungumza kupitia mpishi wa Flinders aliyejua Kimalei, na Pobassoo akamwambia kwamba msafara mzima msimu ule una majahazi 60 na watu 1,000.

Kazi yao ilikuwa ya ufukweni, ndiyo maana imeacha alama. Jongoo alitumbuliwa na kuchemshwa kwenye makarai makubwa ya chuma, akapikwa pamoja na gome la mikoko apate rangi, akafukiwa mchangani, akasuguliwa, akaanikwa, kisha akapigwa moshi kwenye kibanda. Wavuvi wa jongoo wa pwani yetu hawatashangaa. Kule kufukia si urembo: aina inayojificha mchangani ina chembe za chokaa kwenye ngozi, na zisipolainika hazitoki kwa kusugua. Asipokauka sawasawa, huota ukungu ndani ya jahazi na bei inaanguka.

Ukienda kutafuta kambi zao, angalia mistari ya mawe sambamba (mafiga ya makarai), mkaa, vigae vya vyungu, na miti ya ukwaju. Ukwaju haukuwa mti wa huko; mbegu zilitemwa na mabaharia. Kuhusu tarehe: huko Djulirri, magharibi ya Arnhem Land, kuna mchoro wa jahazi lao mwambani ambao juu yake pamebandikwa nta ya nyuki. Nta hiyo imepimwa kwa kaboni na inaonyesha mchoro ulikuwepo kabla ya 1664.

Lugha nayo ni shahidi. Wayolngu huita pesa *rrupiya* (msomaji wa Kiswahili atatabasamu), na Mzungu ni *Balanda*, yaani Mholanzi, neno lililopitia kwa Wamakassar. Mholanzi mwenyewe alipita tu: meli Arnhem, iliyolipa eneo jina, ilifika 1623. Biashara ya jongoo iliuawa na serikali ya South Australia, kwanza kwa ushuru wa miaka ya 1880, kisha kwa kukataa leseni. Jahazi la mwisho lilikuja msimu wa 1906–07.

Hakimu wa Kijiweni:

Sasa kesi. Fuata mpangilio huu, vinginevyo utachanganya mambo mawili.

Machi 1963 serikali ilimega zaidi ya kilomita za mraba 300 kutoka hifadhi ya wenyeji kwa ajili ya boksiti, madini ya kutengenezea alumini. Agosti Wayolngu wa Yirrkala wakapeleka bungeni maombi yaliyopigwa taipu kwa Kigumatj (lugha ya Wagumatj, mojawapo ya koo za Wayolngu) na Kiingereza, yakabandikwa kwenye magome yaliyochorwa pembeni. Waziri Paul Hasluck akadai waliosaini ni vijana wasiowakilisha watu. Likaja ombi la pili, safari hii na alama za vidole gumba. Kamati ya bunge ikapendekeza fidia na ulinzi wa mahali patakatifu, lakini mgodi ukaendelea, na mwaka 1968 kampuni ya Nabalco ikapewa mkataba wa miaka 42.

Kwenye Milirrpum dhidi ya Nabalco (Aprili 1971), Jaji Blackburn alikubali kwamba Wayolngu wana mfumo wa sheria uliokamilika. Wakashindwa kwenye mambo mawili: uhusiano wa ukoo na ardhi haukulingana na umiliki kwa vigezo vya sheria ya Kiingereza, na umiliki wa pamoja wa ardhi kwa mila za wenyeji haukutambuliwa kabisa na sheria ya Australia. Hoja hiyo ya pili ndiyo iliyovunjwa na Mahakama Kuu ya Australia katika kesi ya Mabo mwaka 1992.

Ardhi, hata hivyo, ilirudi kwa njia nyingine. Kushindwa kwao kulizaa tume ya Jaji Woodward, na tume ikazaa Sheria ya Haki za Ardhi ya Northern Territory (eneo ilimo Arnhem Land) ya 1976. Sheria hiyo inawapa wenye ardhi uwezo wa kukataa utafutaji madini, ila haikugusa mkataba wa Nabalco kwa kuwa ulitangulia. Hapo ndipo wengi hukosea. Machi 2025 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba kufuta haki za wenyeji kabla ya 1978 kunaweza kudai fidia ya haki. Kiasi chenyewe hakikupangwa katika hukumu hiyo.

Mdadisi wa Pwani:

Shukrani sana. Na mgodi wenyewe ukoje? Naona picha za vumbi jekundu tu.

Tope Jekundu:

Boksiti ya Gove iko juujuu, tabaka la mita chache, kwa hiyo hakuna shimo refu. Msitu unaondolewa, udongo wa juu unakwanguliwa, madini yanachotwa, na yanasafiri kwa mkanda wenye urefu wa karibu kilomita 19 hadi bandarini. Udongo wa juu unapaswa kumwagwa moja kwa moja kwenye eneo lililokwisha chimbwa. Ukilundikwa muda mrefu mbegu zinakufa na msitu hauoti.

Kiwanda cha alumina (unga unaoyeyushwa kupata alumini) kilipika boksiti kwa kostiki soda. Tani mbili hadi tatu hutoa tani moja ya alumina, na baki ni tope jekundu kali linalohitaji mabwawa. Kiliendeshwa kwa mafuta mazito, mpango wa bomba la gesi ukakwama, kikafungwa 2014. Rio Tinto, kampuni iliyoshika mgodi baada ya Nabalco, iliendelea kuchimba na kusafirisha boksiti ghafi. Mgodi unaousoma ni Gulkula, mdogo, wa Wagumatj, ulioanza 2017.

Jambo moja zaidi kwa mada yako: mkaratusi unaotawala uwanda huo wa boksiti, *Eucalyptus tetrodonta*, ndio ambao gome lake huchorwa. Hubanduliwa msimu wa mvua, utomvu ukiwa umepanda, likapashwa moto na kulazwa chini ya mawe mpaka linyooke.